Naomba kueleweshwa: Waserbia mwaka 1804 walimwasi Sultani, au walimpigania?

Bint Malindi

Assalam alaykum wanajamvi, na shikamooni wakubwa.

Niko Belgrade tangu mwezi wa kumi, nasoma shahada ya uzamili. Juzi chuo kilifungwa siku mbili, tarehe 15 na 16 Februari. Nikamuuliza mwenzangu wa chumba hii ni sikukuu ya nini, akasema ni Sretenje, siku tuliyomwasi Mturuki mwaka 1804. Nikaridhika. Jana nikalitaja hilo mbele ya mwalimu wetu mmoja, akatikisa kichwa. Kasema mwaka 1804 Sultani hakuasiwa na Waserbia. Walioasi ni wale waliokuwa wakiutawala mji kwa jina lake, na Waserbia waliposhika bunduki walisema wanamtetea yeye. Sasa nimebaki njia panda.

Kingine. Ijumaa naswali Msikiti wa Bajrakli, mtaa wa Gospodar Jevremova. Naambiwa ndio msikiti pekee wa zamani uliobaki mji huu mzima, na kwamba zamani ilikuwa mingi. Ukitoka hapo hatua chache, mtaa huohuo, kuna nyumba ya kizamani ambayo ni makumbusho ya Vuk na Dositej, na kibao kinasema ilikuwa shule wakati wa uasi. Wale wenye misikiti mingine walikwenda wapi?

Na la mwisho: mbona wana mashujaa wawili, Karađorđe na Miloš, na ukimsifu mmoja mwenzio ananuna?

Najua humu mna watu mlioishi huku miaka. Nielezeni yale yaliyotokea, siasa za leo tuziache.

Kijana wa Pangani

Waalaykum salaam binti, marahaba. Umeuliza jambo lililonisumbua miaka, basi univumilie, nitaandika kirefu.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili hapa Niš. Nilikuja kusoma uhandisi wa mitambo, nikabaki. Miaka mitano ya mwanzo nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, kwao ni kijijini chini ya kilima cha Čegar. Bibi huyu ndiye aliyenizibua masikio. Siku moja mwezi wa tisa tumekaa uani tunachoma pilipili nyekundu za kutengenezea ajvar, moshi unatutoa machozi, naye anamsema jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. Akasema, "To je zulum." Nikamwomba arudie. Zulum! Dhuluma, ileile yetu. Tangu siku hiyo nikawa naokota maneno kama mtoto anayeokota makombe ufukweni: sapun, sanduk, sat, barut. Sabuni, sanduku, saa, baruti. Hata Kalemegdan, bustani unayopita kila siku penye ngome, nusu yake ya pili ni medani. Maneno hayo yalitoka kwa Waarabu. Huku yameletwa na Waturuki, kwetu yamekuja na jahazi.

Neno kubwa kuliko yote kwa swali lako ni *raja*. Hilo ni raia. Lakini raia wa Waturuki huku hakuwa mwananchi kama tunavyosema leo. Alikuwa mtu wa chini, Mkristo mlipa kodi, na silaha si yake kubeba. Shika hayo mawili, raia na dhuluma, halafu turudi 1804.

Mkoa huu ulikuwa chini ya pasha, yaani gavana wa Sultani, aliyekaa Belgrade. Baada ya vita vya Austria na Waturuki kumalizwa kwa mkataba wa Sistova, 1791, Sultani Selim wa Tatu aliwapiga marufuku majanisari kuishi hapa. Lilikuwa jeshi lake mwenyewe, lakini lilikwisha kuwa jeshi lisilosikia la mkubwa wala mdogo. Kati ya 1793 na 1796 akatoa amri kadhaa: kodi ijulikane ni kiasi gani, ikusanywe na wakuu wa Waserbia wenyewe, makanisa yatengenezwe. Hao wakuu waliitwa *knez*. Mimi huwatafsiri majumbe, maana kazi yao ilikuwa hiyohiyo, kusimama kati ya kijiji na serikali. Pasha akawa Hadži Mustafa. Waserbia walimwita "mama wa Waserbia". Hebu fikiri: pasha, Mwislamu aliyekwenda kuhiji, na Wakristo wanamwita mama. Mwenzako wa chumba akisema yalikuwa mambo ya msalaba na mwezi tangu mwanzo, mtajie jina hilo.

Mwaka 1799 Sultani alibanwa na maadui wengine, majanisari wakaruhusiwa kurudi. Desemba 1801 wakamuua Mustafa Pasha, na wakubwa wao wanne wakagawana mkoa kama nyama ya bucha: Aganlija, Kučuk-Alija, Mula Jusuf na Mehmed-aga Fočić. Waliitwa *dahije*. Asili ya neno hilo ni Kituruki, mjomba. Wajomba hao wakaweka watu wao vijijini na kuwajengea nyumba zinazoitwa *han*, wakatoza kodi yao juu ya kodi ya Sultani, wakajitwalia ardhi. Hata Waturuki wenye haki za mashamba kutoka kwa Sultani waliporwa.

Majumbe wakapeleka malalamiko Istanbul. Husimuliwa kwamba Selim aliwatishia dahije kuwaletea jeshi la watu wa taifa jingine na dini nyingine. Wao wakakaa wakafikiri: si Mrusi wala Mjerumani, anasema raia hawa hawa. Basi tuwawahi. Januari na Februari 1804 wakapita mji kwa mji wakikata vichwa vya majumbe na mapadri, zaidi ya 70. Aleksa Nenadović na Ilija Birčanin waliuawa Valjevo, kando ya mto Kolubara. Barua ya Aleksa kwa afisa mmoja wa Austria ilikuwa imenaswa.

Waliosalia ndio waliokutana Orašac siku ya Sretenje, kwenye korongo linaloitwa la Marićević. Nimefika. Ni bonde dogo lenye miti mirefu, na ukishateremka chini huoni barabara wala aliyeko barabarani hakuoni. Nilisimama pale nikaelewa zaidi ya vitabu vyote: hawa hawakukutana kwa shangwe, walikuwa watu waliojificha. Kila mmoja alijua kichwa chake kimeandikwa.

Walitaka kiongozi. Stanoje Glavaš, *hajduk*, yaani mnyang'anyi wa msituni, akasema watu wenye nyumba na watoto hawatamfuata mtu asiye na kwao. Jumbe Teodosije akasema: Waturuki wakirudi na nguvu, nani atawaombea msamaha ikiwa jumbe ndiye aliyewaongoza? Kwangu mimi huyo hakuwa mwoga, alifanya hesabu ya jumbe. Wa tatu alikuwa mfanyabiashara wa nguruwe aliyewahi kupigana upande wa Austria, Đorđe Petrović, ambaye watu walimwita Karađorđe, Đorđe Mweusi. Naye alikataa. Aliwaambia ana hasira, atamuua atakayemkaidi. Wakamjibu kwamba wakati huu wanamtaka mtu wa namna hiyo. Hakuwa akitania: baadaye alimnyonga ndugu yake wa damu, Marinko, kwa kumnajisi msichana.

Na walichochoma kwanza ni ile han ya Orašac. Sultani hawakumgusa kwa neno. Kiangazi cha 1804 Sultani akamtuma Bekir Pasha kutoka Bosnia kuja kusawazisha mambo. Dahije wakakimbia kwa mashua mto Danube hadi kisiwa cha Ada Kale, wakauawa huko na watu wa Milenko Stojković, mmoja wa wakuu wa waasi, vichwa vikaletwa. Dhalimu kaondoka. Mambo yalipaswa kuishia hapo.

Hayakuishia, kwa sababu raia alikwisha kuahidiwa mara nyingi. Walitaka safari hii ahadi iwe na mdhamini, Austria, na Istanbul haikukubali mgeni asimame kati ya Sultani na raia wake. Mwaka 1805 ukatumwa msafara wa Hafiz Pasha wa Niš, jeshi la Sultani lenyewe, kuwanyang'anya silaha. Agosti, mahali paitwapo Ivankovac, likarudishwa nyuma. Kwa hiyo mwalimu wako na mwenzako wote wamesema kweli, ila mmoja amesimama Februari 1804 na mwingine amesimama Agosti 1805. Katikati ni miezi 18, na katika miezi hiyo ombi likageuka vita.

Mengine nitaendelea kesho, zamu yangu ya usiku inaanza.

Msomahistoria

Nyongeza fupi kuhusu tarehe, maana inawachanganya wengi. Kanisa la Serbia linafuata kalenda ya Juliasi, na Sretenje ni tarehe 2 Februari ya kalenda hiyo. Mwaka 1804 ililingana na tarehe 14 Februari ya kalenda tunayotumia, siku hizi inaangukia 15. Kwa hiyo ukikuta kitabu kinasema 14 na sikukuu ni 15, hakuna aliyekosea. Tena siku hiyo inabeba mambo mawili: mwaka 1835, Sretenje vilevile, pale Kragujevac ilipitishwa katiba iliyombana Mwanamfalme Miloš. Haikudumu hata miezi miwili, maana Istanbul, Vienna na Petersburg zote ziliichukia, na Miloš mwenyewe hakuililia.

Babu wa Forodhani

Binti yangu, mimi nilisoma Belgrade zama za Yugoslavia, na msikiti huo nimeuswalia. Nakujibu la misikiti, kwa sababu ndugu yangu wa Pangani kaeleza vizuri lakini kaishia kabla ya penye uchungu.

Waasi waliingia mji wa Belgrade Desemba 1806. Mtu mmoja aitwaye Konda, aliyewahi kutumikia upande wa pili, aliujua mji, akaingia alfajiri na wachache akina Uzun Mirko wakafungua lango. Ngome yenyewe ikasalimu wiki chache baadaye. Pasha wa mji, Suleiman Pasha, akaahidiwa kuondoka salama na askari wake, Machi 1807, na njiani wakauawa. Waislamu wa mji waliuawa kwa wingi, waume kwa wake, wengine wakabatizwa kwa nguvu. Mayahudi nao hawakusalimika. Haya hayasomwi sana kwenye sherehe za Sretenje. Nyumba hiyo uliyoiona, shule kuu ya Dositej Obradović, ilifunguliwa 1808, mwaka mmoja tu baada ya hayo. Nilikuwa napita pale najiambia: elimu ile ni ya kweli, na damu ile ni ya kweli, na umbali wake ni mtaa mmoja. Vuk Karadžić, aliyekuja kuwatengenezea Waserbia maandishi yao, alisoma humo.

Hata hivyo, Waturuki walirudi 1813, kwa hiyo mwisho wa Waislamu wa Belgrade haukuwa huo. Mwisho ulianzia kwenye maji. Juni 1862 penye bomba la Čukur, mtaa wa Dobračina, si mbali na unaposwali, palitokea ugomvi wa foleni ya maji kati ya askari wa Kituruki na kijana wa Kiserbia. Kijana akapigwa, mji ukawaka, na siku mbili baadaye ngome ikaupiga mizinga mji wenyewe. Pana sanamu ya mtoto na mtungi uliovunjika, kaitazame. Baada ya hapo mataifa makubwa yaliafikiana kwamba Waislamu wasio askari waondoke, wabaki askari wa ngome tu. Aprili 1867 funguo za ngome zikakabidhiwa kwa Mwanamfalme Mihailo hapo Kalemegdan, na askari nao wakaondoka.

Unauliza walikwenda wapi. Wengi walivuka kuingia Bosnia. Sultani Abdulaziz aliwajengea wahamiaji wa Užice na kwingineko makazi mapya kando ya mto Sava, yakaitwa Azizija kwa jina lake. Leo ni miji ya Šamac na Orašje. Mimi chuoni nililala chumba kimoja na kijana wa Orašje. Kwao walikuwa bado wanasema "sisi watu wa Užice", zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Bint Malindi

Babu, nimesoma mara mbili. Leo mchana nimekwenda Čukur. Mtoto wa shaba kaushika mtungi uliopasuka, anautazama, na kando watu wanapita na mifuko ya soko. Nilikuwa nimepita hapo si chini ya mara kumi bila kusimama.

Kaka wa Pangani, nakusubiri. Na nataka kuja Niš kuona Ćele Kula, ila naogopa kidogo. Ni kweli ni mafuvu?

Kijana wa Pangani

Babu, ahsante kwa kunikamilishia. Umesema kweli, nilipakwepa.

Ndiyo binti, ni mafuvu. Acha nikueleze, ukija uwe umejiandaa.

Tarehe 31 Mei 1809 Waserbia walikuwa wamechimba mahandaki nje ya Niš, la mbele kabisa likiwa juu ya Čegar, chini ya Stevan Sinđelić na watu wa Resava. Wakuu wa jeshi, Miloje Petrović na Petar Dobrnjac, walikuwa wakigombania ukubwa. Sinđelić alipozidiwa, msaada haukutoka kwenye mahandaki mengine. Waturuki walipokwisha kufurika ndani, akafyatua bastola kwenye akiba ya baruti. Barut, binti. Neno lile nililookota uani likanirudia nikiwa nimesimama pale juu, na nyasi tu zinacheza na upepo.

Hurshid Pasha akaamuru vichwa vichunwe. Ngozi zikajazwa, zikapelekwa Istanbul; mafuvu yakajengewa mnara kando ya barabara iendayo Istanbul, ili kila apitaye aone. Kila upande safu 14, kila safu mafuvu 17, pande nne: 952. Leo yamebaki 58. Mengine yaling'olewa na ndugu zao, usiku, wakayazike. Lamartine, mshairi wa Kifaransa, alipita hapo 1833 akaandika kwamba baadhi yalikuwa bado na nywele zinazopepea kwa upepo. Mwaka 1892 likajengwa kanisa dogo kuufunika mnara.

Ukiingia, usitazame mafuvu kwanza. Tazama matundu. Ukuta umejaa matundu ya duara, kila moja lina ukubwa wa kichwa, na kila tundu ni mtu aliyekuja gizani kumchukua wake. Bibi yangu mwenye nyumba alikuwa akisema ukoo wao ulichukua mmoja. Hawakujua kama ni wao kweli. Utamtambuaje mtu kwa fuvu? Walichukua lililokuwa karibu na mkono, wakalizika kama lao. Alinieleza hayo huku anamenya pilipili zilizokwisha kuchomwa, vidole vyekundu mpaka kiganjani, wala hakusita kumenya.

Sasa Karađorđe na Miloš. Hapa nina maoni yangu, nayasema wazi. Mwaka 1806 mfanyabiashara mmoja, Petar Ičko, alitumwa Istanbul, akarudi na mapatano mazuri kuliko yote waliyowahi kupewa: Waserbia wajitawale, wakusanye kodi wenyewe, Sultani apewe kiasi kinachojulikana. Lakini wakati huohuo Urusi ikaingia vitani na Waturuki, ikawaahidi makubwa zaidi, na 1807 Waserbia wakayatupa mapatano ya Ičko. Naliona kosa kubwa kuliko Čegar. Mwaka 1812 Napoleon alikuwa anaijia Urusi, Warusi wakafunga mkataba wa Bucharest haraka wakaondoka na askari wao. Waserbia wakabaki na kipengele kimoja cha karatasi. Oktoba 1813 Karađorđe akavuka mto kuingia Austria, na nyuma yake vijiji vikaungua.

Miloš Obrenović hakuvuka. Walimsihi apande mashua na wengine akakataa. Kasema mama yake, mke wake na watoto wataangukia mikononi mwa Waturuki. Akajisalimisha, akafanywa jumbe wa wilaya ya Rudnik, akainamisha kichwa. Mwaka 1814 Hadži-Prodan alipoasi mapema, Miloš hata alisaidia kuwatuliza watu, na bado Waturuki wakawatundika watu juu ya miti iliyochongwa hapo Belgrade, mmoja wao shemasi Avakum, ambaye hakukubali kubadili dini ili aokoke. Aprili 1815, Jumapili ya Matawi, watu wamekusanyika kanisani Takovo, Miloš akawatokea na silaha akawatangazia vita. Akapigana miezi michache tu. Halafu, huku Napoleon kashindwa na Istanbul inaogopa Urusi sasa ina nafasi, akakaa na Marašli Ali Pasha wakakubaliana kwa mdomo. Silaha zibaki, kodi ikusanywe na majumbe. Kilekile alichokileta Ičko miaka tisa nyuma, isipokuwa kimekuja baada ya makaburi yote hayo. Kutoka hapo alisogea polepole: amri ya Sultani ya kujitawala 1830, wilaya sita kurudishwa 1833. Uhuru kamili ulikuja 1878 kwenye mkutano wa Berlin, yeye kishakufa zamani.

Wanaomtaka Karađorđe wanasema Miloš alikuwa mtu wa kununua na kuuza. Ni kweli, na alijitajirisha. Wanaomtaka Miloš wanasema Karađorđe aliwaacha watu. Ni kweli pia. Lakini wanachonuniana hasa ni usiku mmoja wa Julai 1817. Karađorđe alirudi kwa siri, anataka vita vianze upya pamoja na Wagiriki. Miloš akaona kila alichopata kitateketea. Karađorđe akafikia kwa *kum* wake, Vujica Vulićević, pale Radovanje. Kum ni udugu wa mbele ya Mungu, wa ubatizo na harusi. Mserbia atagombana na kaka yake kabla ya kugombana na kum. Vujica ndiye aliyempokea, na Vujica ndiye aliyepokea amri ya Miloš. Karađorđe akauawa usingizini kwa shoka. Kichwa kikapelekwa Belgrade kwa pasha, kisha Istanbul. Tangu hapo koo mbili zikapokezana ufalme na chuki, hadi Juni 1903 maafisa walipomuua Mfalme Aleksandar, wa mwisho wa Obrenović, pamoja na mkewe Draga ndani ya ikulu, na kiti kikaenda kwa Petar, mjukuu wa Karađorđe.

Bint Malindi

Nimekaa kimya kidogo baada ya hilo la kum. Huyo Vujica aliishije baadaye?

Kijana wa Pangani

Alijenga kanisa. Mwaka 1818, mwaka mmoja tu baada ya mauaji, karibu na Velika Plana. Linaitwa Pokajnica, yaani la toba. Ukija Niš kwa barabara kuu utalipita upande. Mwambie dereva wa basi akushushe Velika Plana, kutoka pale ni teksi ya dakika chache.

Ni la mbao, dogo, paa lake limeinama karibu na ardhi kama mtu aliyevaa kofia hadi machoni. Nilimpeleka bibi mwaka ule alipoanza kuugua miguu. Makanisani mwao mishumaa ina mahali pawili: juu ni ya walio hai, chini ni ya marehemu, inachomekwa kwenye mchanga. Alinunua miwili. Akaweka wote chini. Nikamuuliza ni ya nani, nikidhani atasema mumewe na mwanawe. Akasema mmoja ni wa Karađorđe na mmoja ni wa Vujica. Wa Vujica ulizimika kwa upepo wa mlangoni, akainama tena, na miguu ile inauma, akauwasha kwa moto wa ule mwingine.